Tope la Ndiva Lisilokwisha

Juzi nilishuka Same kwa shughuli zangu, nikaagiza makande. Yakaja yameungwa kwa nazi. Makande ya nazi, ndugu yangu! Kwetu juu milimani yalichemka tangu alfajiri, mahindi, maharage na chumvi basi, nasi watoto tukayala huku mikono ina tope la ndiva. Hapo nikakumbuka mwaka ule tulipomshinda bwana misitu.

Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia. Hujaa usiku, hufunguliwa asubuhi, maji yakashuka mashambani. Yalitoka kwenye chemchemi pembeni mwa msitu. Bwana misitu yule, Mwingereza, alitaka mpaka wa msitu wa serikali upite chini ya chemchemi, chemchemi ibaki ndani ya msitu, na ukishawekwa, kuvuka ni kosa. Mashamba yangekauka, tungekula nini?

Alihitaji watu wa kumbebea mawe ya mpaka. Asubuhi aliyofika, baragumu likalia: msaragambo, kazi ya wote, kuzoa tope la ndiva. Likishalia, hakuna wa kwenda kazi nyingine, na serikali yenyewe ilikuwa inatusifia desturi hiyo. Kesho yake likalia tena. Na keshokutwa yake. Ndiva ile haijapata kuwa safi vile, tulifika mahali tunakwangua mwamba. Bwana misitu alikaa kwenye kiti chake cha turubai kando ya mawe yake, anatutazama.

Mwishowe akamtuma jumbe, mkuu wa kijiji chetu, kwa bibi yangu, ambaye kijiji kizima kiliuogopa ulimi wake.

"Shikamoo, mama. Bwana anauliza, hili tope litaisha lini?"

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mpaka ukipita juu ya chemchemi, litaisha leo."

Jumbe aliondoka akiuma midomo asicheke. Kabla jua halijapinda tulikuwa tunapandisha mawe mlimani tukiimba, wazee kwa watoto. Sijapata kufurahi vile tena.

Bibi hayupo sasa. Baragumu halilii, watu huitwa kwa simu na nusu yao hawaji, jambo linaloniudhi mno. Lakini jana nilipanda juu, nikatembea polepole hadi kwenye chemchemi. Jiwe la mpaka bado liko juu yake, limezamia majanini. Nikainama upande wetu, nikanywa mpaka nikashiba.