Kompyuta Iliyoita Chini ya Jeneza

Hii sijawahi kuisimulia, na msinicheke, maana hata leo nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mnanijua, fundi redio wa hapa Karatu, Mrombo nisiyejua jembe, na ugonjwa wangu mnaujua: kukusanya zile kompyuta ndogo za kufundishia watoto herufi, zenye mpini wa kubebea, zinazokuja na mitumba. Siku ile nilipata moja mnadani, ya zamani hasa, inaongea Kiingereza kwa sauti ya mtoto wa kike, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki na kupitiliza nayo hadi kijijini Buger, kwenye msiba wa Paskalina, binti wa miaka sita wa rafiki yangu dereva. Mtu mwenye akili angetoa betri kwanza. Mimi nikafungua mfuko nihakikishe kama inawaka (ndiyo, msibani!), ikawaka, na mara nikaitwa, "Fundi, njoo mbele, wewe ni mbebaji," nikausukuma mfuko chini ya benchi lililobeba jeneza bila kuizima.

Sasa mashine hizi zikikaa bila kuguswa, baada ya dakika chache huita mtoto arudi kucheza. Mchungaji yuko katikati ya sala, ikaita kwa ile sauti ya mtoto, "Hello!", chini kabisa ya jeneza.

Mama Paskalina akaruka. "Mwanangu yu hai! Fungueni!"

Wanaume wakakimbilia misumari, na mimi niliyejua kila kitu nikasimama tu, nikijiambia itajizima, hakuna atakayejua, mpaka mfuniko ukatoka na yule mama akamshika mwanawe mashavu, akamwita, akamwita tena. Kilio kile sitaki kukisikia tena maishani mwangu.

Mashine ikaita mara ya pili. Baba Paskalina akainama, akauvuta mfuko.

"Fundi, hii si yako?"

"Ni yangu."

"Ukatuona tunafungua, ukanyamaza?"

Jeneza lilipopigiliwa misumari tena, nikasogea nilishike, akanizuia kwa mkono. "Acha. Wabebaji wapo."

Ninazo bado, kumi na moja, hakuna yenye betri hata moja, na nimeapa nikikosea nitasema palepale, hata mbele ya kanisa zima. Ila Mama Paskalina tukikutana sokoni ndiye huanza kunisalimia, ananiuliza habari za nyumbani, watoto hawajambo, na mimi hadi leo namjibu nikiangalia chini.