Kilo Mbili Zilizomfukuza Mama Buko

Kuna aibu ambazo ukizisimulia unanunuliwa chupa, na kuna zile unazosimulia ukiangalia vidole vya miguu yako. Hii yangu ni ya aina ya pili, na ninaisema tu kwa sababu hapa mtaani kwetu Ruashi kila mtu tayari ana hadithi yake juu yangu, na katika hadithi zote mimi niko uchi (hapo hawajaongopa, nilikuwa uchi), basi bora msikie na sababu yake kwangu mwenyewe.

Kazi yangu ni kwenye mzani wa malori, mgodini. Lori linaingia tupu, tunalipima, linatoka na mawe, tunalipima tena, na likionekana na kilo zisizo na maelezo halisogei hata dereva alie machozi. Baada ya miaka ya kazi hiyo nimekuwa mtu wa kuamini kwamba kilo haiji yenyewe, lazima kuna mkono ulioipakia. Imani hiyo ndiyo iliyoniponza.

Ilianza siku daktari wa kazini aliponiambia tansio yangu, yaani presha ya damu, imepanda na kwamba nipunguze mwili haraka. Mke wangu Béa alikuwa na mimba yetu ya kwanza, tumbo limeshakuwa kubwa, na mimi niliogopa kweli kweli kufa kabla sijamwona mtoto. Nikaacha bia, nikapunguza bukari (ugali wetu, ambao kuupunguza ni kama kuacha dini), nikanunua na balansi ya kioo sokoni, ule mzani wa nyumbani unaoupanda ukawasha namba nyekundu. Kila asubuhi nilikuwa juu yake. Namba iliposhuka nilikuwa mwema kwa watu wote, nilimsalimia hata jirani niliyegombana naye kuhusu ukuta. Ilipopanda, Béa alijificha jikoni.

Kisha mama yake Béa akaja kutoka Mitwaba. Alikuja kumsaidia binti yake kuzaa na kumlea mtoto siku za kwanza, na sijui niwaambie vipi jinsi Béa alivyomhitaji, maana dada yake mkubwa alipata shida sana kwenye uzazi, na Béa alikuwa na hofu ambayo hakuisema, aligeuka nayo tu kitandani usiku kucha. Mama alipofika, Béa alilala.

Sasa, kwetu sisi Baluba, mama mkwe, yaani mama buko, si mtu wa kuzoeana naye. Hamli pamoja, hamshikani mikono, mkikutana mlangoni mmoja anampisha mwenzake akiangalia pembeni. Mama Ngoie, ndilo jina lake, alilala kwenye annexe, kile chumba cha nyuma, na heshima yake kwangu aliituma kwa sahani. Jumapili moja alichukua pesa yake mwenyewe ya karanga alizouza, akanunua makayabu, yule samaki mnene wa chumvi, akampika na nyanya na vitunguu, akafunika sahani kwa kitambaa cheupe na kumpa Béa aniletee.

"Mama anasema ukule yote," Béa aliniambia. "Ni ya kwako weye moja."

Nilikula yote. Nilikula na bukari la watu watatu, nikapangusa sahani kwa kidole, na usiku kucha nikawa nakunywa maji kama nimetoka kuzima moto. Asubuhi nikapanda balansi: kilo mbili juu.

"Béa, kuko kitu mama anatia mu chakula. Mafuta, ao nini."

"Jana ulikula kama muntu mwenye kutoka ku vita, na leo unashangaa? Itashuka."

"Kilo haishukake yenyewe."

"Ilunga, usiseme ile maneno juu ya mama yangu. Akisikia, atalia."

Ningemsikiliza mke wangu, sasa hivi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini kesho yake namba ilikuwa vilevile, na mimi, mtu wa mzani, nikaamua kufanya kipimo cha haki kama kazini: kwanza gari tupu. Sakafu ya chumbani ni saruji yenye mabonde (nyumba tunaijenga wenyewe, polepole), mahali pekee palipo sawa ni saluni, yaani sebuleni, tulipoweka karo mpya, vile vigae vya sakafu. Béa amelala, mama ameenda misa ya asubuhi. Nikabeba balansi yangu saluni. Nikapanda na singleti na kaptula, kilo ziko palepale. Nikavua saa. Nikavua singleti. Nikaenda chooni nikarudi. Nikavua pete ya ndoa kwa sabuni, namba ikanitazama tu. Mwishowe nikasema moyoni kwamba lori halipimwi na turubai, nikavua na kilichobaki.

Mlango sikuufunga kwa ufunguo. Kila asubuhi mama hupita hapo kuchukua mbabula yake, jiko la makaa, nilijua hilo kuliko jina langu, na nilisahau.

Aliingia akiwa mbele. Nyuma yake kulikuwa na mama wawili wa kwaya waliomsindikiza kumsalimia Béa, mmoja ana ndizi mkononi. Nilishika kitu cha karibu, kile kitambaa cha kroshe cha mgongo wa kiti, alichokifuma Béa mwenyewe na ambacho kina matundu mengi kuliko uzi. Mama Ngoie aligeukia ukuta palepale, akajifunika kichwa na kikwembe chake, kitenge cha kiunoni.

Ningekimbia, ingekuwa ajali. Ajali husameheka. Lakini mimi kilo zile zilikuwa zimenijaa kichwani siku mbili, mdomo ukafunguka wenyewe:

"Mama, ni samaki yako! Ile makayabu yako njo ilinipakia kilo mbili!"

Yule mwenye ndizi akapiga makofi mara moja, akasema, "Eh! Bakwetu! Anapima chakula mama alimupatia!"

Na mama buko wangu, akiongea na ukuta, sauti yake ndogo kabisa, akiniita tata, yaani baba: "Mi nilikuwa ninakuheshimia, tata."

Alitoka. Mimi nikaenda chumbani, na Béa alikuwa amekaa kitandani, amesikia yote, ameshika tumbo lake kwa mikono miwili. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Kufika saa sita za mchana barabara nzima ilikuwa inajua, na kazini ndiyo usiseme, kwani dereva wa kwanza aliyepanda mzani alitoa kichwa dirishani akaniuliza kwa heshima zote, "Chef, tupime na nguo ao tuvue?" Nilicheka pamoja nao.

Jioni akaja baba mdogo wake Béa kutoka Kipushi, mzee wa maneno machache, akaketi saluni (balansi nilikuwa nimeshaificha) na kunieleza ninachojua: nitoe mbuzi na kikwembe kipya, kuosha macho ya mama. Nilitoa vyote bila kubishana. Mama alipokea kupitia kwake, na kupitia kwake akajibu.

"Anasema uchi banaosha na mbuzi, ile imekwisha," mzee aliniambia. "Lakini buko mwenye kuhesabia muntu chakula, mama atakaa kwake namna gani? Kila bukari atapika, atajiuliza kama unaipima."

Nilitaka kusema sikumaanisha hivyo. Ila nilikuwa nimemaanisha hivyo, huo ndio ukweli. Mama alifunga mzigo wake akaondoka na mzee kwenda Kipushi jioni ileile. Béa alimsindikiza mpaka kwenye gari, akabaki amesimama pale muda mrefu baada ya gari kupotea.

Siku mbili baadaye kilo zikaondoka. Zenyewe. Hakuna aliyezipakua. Sijawahi kuichukia namba nzuri namna ile.

Na uchungu haukungoja siku yake. Ulimkamata Béa mapema, mvua inanyesha, na mama alipopata gari la kumtoa Kipushi na kufika kwenye maternité, hospitali ya uzazi, mtoto alikuwa ameshazaliwa na kuoshwa na mikono ya watu wengine. Msichana. Béa aliniambia kwa sauti isiyo na hasira, "Nilikuwa namuita mama, banasema iko Kipushi. Namuita tena, banasema iko Kipushi." Nilitoka nje kwenye mvua ili asinione.

Kisha, wenzangu, nikarudia ujinga. Siku ya tatu muuguzi alimpima mtoto akakuta amepungua, na mimi nikaanza kupaza sauti nikiuliza nani hamnyonyeshi mtoto wangu. Muuguzi akacheka: "Tata, batoto bote banashukaka siku ya kwanza-kwanza. Ni maji tu. Itarudia." Basi nikamwuliza kwa sauti ya chini, nikisingizia rafiki, habari za mwanamume mzima aliyekula makayabu. Akaniambia chumvi hushika maji mwilini, chakula nacho kina uzito wake mpaka kitoke, mwili hupanda na kushuka kila siku, na sahani moja haileti kilo mbili za mafuta. Huyo rafiki yako, akasema, ajipime saa ileile, aangalie wiki baada ya wiki, na aache kusumbua watu. Nilikubali kwa kichwa. Mimi, ambaye kila msimu wa mvua huyakata mawe uzito wa maji kabla ya kumlaumu dereva yeyote! Mawe niliyapa haki. Mama buko sikumpa.

Nilimtuma mzee wa Kipushi akamwombe mama jina lake tumpe mtoto. Tulingoja. Béa hakuniuliza kitu, ila kila simu ilipolia aliinua kichwa. Mwishowe mzee akapiga, nikaweka sauti ya wote wasikie.

"Jina ametoa. Tena anasema vile: huyu mutoto ni Ngoie, basi njo mama buko yako. Ukae unavaa nguo."

Chumba kizima kilicheka, Béa naye akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile, na mimi nilicheka mpaka nikalazimika kwenda nyuma ya nyumba kufuta uso.

Mama hajakanyaga tena kwangu. Jumamosi ninawapeleka Béa na mtoto Kipushi, ninawaacha getini, ninangoja ndani ya gari. Nimeapa sitamhesabia tena mtu mkono alionilishia, lakini kiapo hakikufungulii geti. Nyumbani ninamwogesha Ngoie nikiwa na shati lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na chochote atakachonipa, hata maziwa aliyoyacheulia begani mwangu, nasema: aksanti, mama.