Moto wa Manjano

Boila ya gesi inayopasha joto nyumba yetu hapa Saint Paul ina umri unaomzidi mume wangu, na kabla mama hajaja nilikuwa nikiiita mke mwenzangu. Kila baridi ilipokaribia mume wangu aliifuata kwenye chumba cha chini ya nyumba na bisibisi yake, akatoa hewa kwenye vyuma vya joto vya vyumbani, akatazama geji ya maji, akachungulia moto kwenye kidirisha, kisha akapanda ameridhika.

Nilipojifungua, mama yangu alikuja kunikanda kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto, kama wanavyofanya kwetu Uvira. Tulimpa chumba cha juu, jirani na chetu. Akakitazama kutoka mlangoni tu. Mama hawezi kulala ukuta mmoja na mkwe wake, amsikie akikohoa, akutane naye koridoni na taulo. Akaburuta godoro mpaka chini, akatandika kando ya boila. Tangu siku hiyo mume wangu hakukanyaga zile ngazi. Mkwe haingii anapolala mama mkwe, na hakuna aliyehitaji kulisema hilo.

Mtoto alishinda kwa bibi yake, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na joto, na mlango wa ngazi ulifungwa ili joto lisitoroke. Akawa mpole ajabu. Akina mama wa kanisani walimsifu, wakasema Mungu ametupa mtoto asiyesumbua, nami nikavimba kichwa. Ila Jumapili tulipompeleka ibadani alilia kutwa nzima, na tuliporudi nyumbani akatulia tena. Tukasema hapendi watu wengi. Mama naye alianza kuumwa kichwa, akalaumu theluji.

Kisha vyuma vya juu vikaanza kupoa. Mume wangu akasimama juu ya ngazi, akanituma mimi.

“Geji inasoma ngapi?”

Nikamsomea. Nikatoa hewa kwenye vyuma mpaka maji yakanirukia usoni. Ule moto mdogo unaowasha mkubwa ulizimika, akanielekeza nikauwasha. Kesho yake ukazimika tena. Akanunua waya mpya wa kuuhisi ule moto, nikaufunga huku nimenuna, mwenye kuijua kazi amesimama juu, mikono mfukoni, kwa ajili ya heshima.

Alasiri moja nikiwa jikoni mume wangu akauliza jambo ambalo hakuwa ameliuliza: moto una rangi gani? Mama alikuwa chini na mtoto. Nikafungua mlango kidogo, nikamuuliza.

“Iko muzuri,” mama akajibu polepole, ulimi mzito. “Iko ya manjano, kama ya kuni.”

Mama amepika kwa kuni tangu utoto wake. Kwake moto wa manjano ndio moto; hakujua kwamba wa gesi ukiwa mzima huwa wa buluu.

Mume wangu alinisukuma kando, akashuka mbio. Naapa, niliona aibu kabla ya kuona hofu: mama alikuwa amejilaza kichwa wazi, kitenge kimemtoka begani. Alimpita, akamwinua mtoto, na mtoto akaning'inia mkononi mwake kama nguo mbichi. Akanipa, akarudi, akambeba mama yangu mgongoni. Tulitoka kwenye theluji bila viatu. Nyuma yetu, kwa kuwa sasa mlango ulikuwa wazi, king'ora cha gesi cha koridoni kikaanza kulia.

Baridi ilipompiga usoni, mtoto alilia. Sijawahi kupenda kelele kiasi kile.

Hospitali waliwawekea oksijeni wote wawili. Fundi wa gesi alikuta kitenge kimesokomezwa kwenye bomba linaloingiza hewa ya nje. Boila ilikosa hewa, ikawa inatoa sumu isiyoonekana wala kunuka. Kitenge chenyewe mama alikuwa amekinunua cha kumbebea mjukuu.

“Asiambiwe,” mume wangu alisema. “Kubebwa mgongoni na mkwe kumemtosha. Akijua ni mkono wake, aibu itamuua.”

Nikakubali. Hospitalini mimi ndiye niliyekuwa nikimfasiria, kwa hiyo alisikia tu kwamba boila ilikuwa mbovu. Dada yangu wa Roseville naye nilimwambia hivyo hivyo. Mama akahamia kwake, amsaidie kulea watoto wake wawili.

Baridi ya mwaka uliofuata nilimpigia simu mchana mmoja. Alikuwa na furaha.

“Hata huku nalala chini, mukwe asione haya,” akasema. “Kulikuwa na katundu kanaleta baridi. Nimekaziba.”

“Mama, watoto wako wapi?”

“Wamelala hapa kwangu. Hawanisumbui kabisa.”

Nikamwambia yote, bila kumung'unya neno: kitenge, bomba, sumu.

“Kumbe ni mimi,” akasema.

“Ni wewe, mama. Toka nao nje sasa hivi.”

Simu ilianguka sakafuni. Nikamsikia akiwaita wajukuu zake kwa majina. Mkubwa aliitika kwa Kiingereza, amekasirika. Yule mdogo, mama alimwita mara nyingi, mara nyingi sana, kabla sijamsikia mtoto akilia.