Mapasa wa Salamabila hawalingane

Leo nimedanganywa na chuma, na chuma yenyewe haina hata kinywa!

Jipu yangu ya zamani munaijua, ile gari kuku zinatagia ndani. Motere yake iko na kulasi mbili, vile vifuniko vizito vya juu, moja kushoto, moja kuume. Ya kushoto ilipasuka. Muuzaji wa Salamabila akaniletea ingine kwa pikipiki: "Papa, hii na yako ni mapasa kabisa, wa tumbo moja!"

Nikafurahi kama miye ndiye nilizaa.

Asubuhi nimezifunga. Nikaweka bomba ya hewa katikati yao.

Matundu hayaonane!

Nikasukuma. Nikatukana. Nikabembeleza.

Kumbe ile ya Salamabila walishaikwangua zamani, iko nyembamba kuliko mwenzake, na matundu yake yanakaa chini.

Jipu si kitu. Shida ni Saidi wa Wamaza. Kwa madereva wa zamani tumebaki sisi wawili tu, na miguu yake imekwisha. Nilimwahidi leo nitamupitia, tuzunguke kama zamani.

Nikamupigia simu.

"Saidi, siji. Kulasi moja ni nyembamba."

"Mujinga weye! Nimeshaoga."

"Basi ujipakae udongo tena."

"Nimevaa na kofia. Niko barabarani nakungojea."

Tukacheka sana. Hakuna aliyetaka kukata simu.

Sasa natafuta fundi wa kunikwangulia na ile nene. Mapasa wakinyolewa, wananyolewa wote. Mwenye kumujua aniandikie hapa chini, mbiyo.

Saidi hajavua kofia.