Tetekuwanga ya Mtu Mzima

Shida zangu zilianza mwaka 2011, nikiwa na miaka thelathini na nne. Shule niliishia darasa la tatu, lakini haya niliyaona kwa macho yangu.

Mimi na mume wangu tulikuwa tunalima kijijini Ihanja. Kwanza waliugua watoto wetu wawili. Homa kidogo, halafu vipele tumboni, usoni, mpaka kichwani ndani ya nywele. Vingine vimejaa maji, vingine vimeshakauka, vyote kwa pamoja. Hiyo ndiyo tetekuwanga. Niliwakata kucha, nikawaogesha, nikawapaka dawa ya muwasho, sikuwaruhusu kutoka mpaka vigaga vyote vikauke. Walipona.

Mume wangu hakuwahi kuiugua utotoni. Wiki mbili hivi baadaye akatoka vipele mwili mzima. Akacheka. "Mimi na wanangu sasa darasa moja."

Kisha kikaja kikohozi. Akawa anahema kama anayepanda mlima, na amelala kitandani.

"Shikamoo mama," nilimwambia mama mkwe. "Huyu nampeleka mjini."

"Marahaba. Humpeleki. Mwenye upele hachomwi sindano. Ukimchoma, upele unarudi ndani."

"Uko ndani tayari, mama. Sikiliza hicho kifua."

"Umezaa wawili tu, unanifundisha mimi?"

Akakaa mlangoni, kanyoosha miguu. Kesho yake vipele vikaanza kukauka. "Unaona?" akasema, akaagiza uji. Mimi nilikuwa natazama midomo ya mwanawe. Ilikuwa inageuka rangi. Nikaita bodaboda, mimi na dereva tukambeba, tukaruka miguu ya yule mama pale mlangoni.

Hospitalini walisema mapafu yameshambuliwa, kwa watu wazima hutokea, na tumechelewa. Walimchoma sindano. Jua halijazama, akafa.

Msibani mama mkwe alisema neno moja tu: "Sindano." Ukoo mzima ukaitikia kwa kichwa. Arobaini ilipopita wakachukua shamba, nikaondoka na watoto na sufuria moja.

Mpaka leo wakiniona sokoni wanavuka upande wa pili. Wavuke. Mtu mzima mwenye vipele vile akianza kukohoa na kuhema, apelekwe siku hiyohiyo, hata mlango ukizibwa na nani.

Nilivyo navyo leo, kwa jasho langu: nyumba ya tofali za kuchoma huku Unyambwa, vyumba vinne. Ekari sita za alizeti. Ng'ombe wanne. Mashine ya kusaga. Kiwanja kimoja, hakijajengwa. Vyote vimeandikwa jina langu.