Ng'ombe Wasiohesabiwa

Siku ile, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka majirani wanadhani uzee umenizidi. Ilikuwa enzi za Mjerumani, nami nilikuwa kijana katika chuo kidogo cha ualimu pale Mpwapwa. Tulizoea kujifunza kwa kukariri na kuimba, na kuimba tulikuweza kwelikweli. Ghafla masomo yakabadilishwa. Ikaja amri kwamba asiyejua hesabu hatakuwa mwalimu, arudi kwao. Na mimi nilitaka ualimu kuliko kitu kingine chochote.

Aliyeletwa kufundisha hesabu alikuwa Mwalimu Bakari, mtu wa Tanga, mcheshi, kanzu yake safi hata siku za vumbi. Asubuhi ya kwanza, akitaka kutufurahisha sisi watoto wa wafugaji, akaniinua.

"Haya, Chidosa, baba yako ana ng'ombe wangapi?"

Nikanyamaza. Akamuuliza mwenzangu, naye akatazama chini. Darasa zima kimya. Akadhani tumegoma, na hapo simlaumu, maana tangu masomo yabadilike tulikuwa tumenuna.

"Kama hamtaki hesabu, semeni, nikamwambie mkuu wa chuo leo hii."

Niliuona ualimu wangu unaondoka hivi hivi. Nikasema, "Uniwie radhi, Mwalimu. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Ukiwahesabu unawaitia mkosi, na baba akisikia atanifukuza nyumbani."

"Sasa jioni mnajuaje kama wamerudi wote?"

"Tunawaangalia tu. Nikiona yule mwekundu mwenye baka jeupe usoni hayupo, narudi porini kumtafuta."

Akacheka mpaka kofia ikamwanguka, nasi tukacheka naye.

"Basi ng'ombe tusiwaguse," akasema. "Na nguzo za nyumba, nazo haramu?"

"Hizo hesabu upendavyo, Mwalimu."

Kuanzia hapo akatutoa nje. Tulikuwa tunajenga bweni, tembe ya kawaida yenye paa la udongo, tukajifunza kujumlisha na kugawanya kwa nguzo na fito. Kuzidisha tukakuimba kwa kupokezana, kama ngoma zetu za mavuno. Mwalimu Bakari naye akaitikia, na sauti yake ilikuwa mbaya, Mungu amrehemu, lakini hakuacha. Wale waliokuwa wakitoroka hesabu wakawa wa kwanza kufika. Nami nikafaulu, nikapewa darasa langu. Furaha ya siku hiyo sijaimaliza mpaka leo.

Mwanangu, nasikia na chuoni kwenu masomo yamebadilishwa na mmenuna. Nawaelewa. Mtu hulikataa somo jipya akidhani limekuja kumtenga na watu wake. Lakini usikae kimya. Kilichokukwama kooni mwambie mwalimu wako, kwa adabu, huenda hajui tu. Nawe ukishakuwa mwalimu, mwanafunzi akinyamaza, usimwite mvivu kabla hujamuuliza.

Haya, nenda. Mungu akupe afya na usikivu, na siku utakaposhika chaki, wanafunzi wako wakukimbilie.