Kitabu cha Mikono

Siku hizi wifi yangu anaitwa mwandishi. Vitabu vyake vinauzwa madukani, na kaka yangu, ambaye zamani alinuna kila meza ya chakula ilipojaa karatasi za mkewe, sasa anawaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyemtia moyo. Mwongo mkubwa! Mimi ndiye niliyekuwepo. Nilikuwa mpishi wa shule ileile alikofundisha, na dirisha la jiko langu lilitazamana na darasa lake, geti likiwa pembeni.

Wifi alifundisha watoto viziwi. Alilelewa na shangazi yake aliyekuwa kiziwi, mtu ambaye ukoo mzima ulimpenda na hakuna aliyejua kuzungumza naye. Watu wakicheka sebuleni, shangazi naye alicheka, bila kujua kinachochekesha. Wifi alikuwa mdogo, akikaa ubavuni pake, na jambo hilo lilimuuma sana. Mpaka leo akilisimulia machozi humlenga, nami hupandwa na hasira kwa watu ambao hata sikuwahi kuwaona.

Darasani kwake jina ulilopewa na wazazi halikuwa na kazi. Watoto ndio waliokupa jina la mkono. Hujipachiki wala huombi; unangoja mpaka wakujue. Wifi aliitwa kwa vidole viwili nyuma ya sikio, pale alipochomeka penseli. Mimi wakanipa la kukunja pua, eti ndivyo ninavyofanya nikikasirika. Nilipoelezwa nilikasirika, pua ikajikunja yenyewe, wakavunjika mbavu.

Alikuwepo msichana wa darasa la mwisho ambaye jina lake lilikuwa kidole kuzungushwa shavuni, kwa ajili ya kishimo chake. Sisi wa jikoni tulimwita Kishimo. Mama yake alikuwa dobi, na kila jioni alikuja kumchukua akiwa na mikono iliyochakaa kwa sabuni. Alimwita kwa kelele, kana kwamba sauti ikizidi itapenya, kisha akamshika mkono na kumvuta wakaenda zao. Nyumbani pia ilikuwa hivyohivyo, kuvutana na kuonyeshana vitu kwa kidole.

Jioni moja mtoto mgeni alimuuliza Kishimo kwa mikono, "Yule nani?"

"Anayekuja kunichukua," Kishimo akajibu.

Wifi aliona. Akamuuliza kwa nini hajampa mama yake jina.

"Bado simjui."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo ilikuwa hali halisi, na wifi alikuja jikoni akakaa juu ya gunia la mchele kama mtu aliyefiwa.

"Wifi, mwakani huyu mtoto anakwenda shule ya bweni ya viziwi, mbali. Ataondoka hajawahi kuongea na mama yake."

"Si unawafundisha wazazi Jumamosi?"

"Jumamosi ndiyo siku yake ya nguo nyingi. Akija kwangu watakula nini?"

"Basi mpelekee masomo nyumbani," nikasema. Niliropoka tu, moshi ukinitoa machozi, lakini yeye alinyanyuka pale akiwa na wazo la kitabu kichwani.

Alikuwa hajawahi kuandika chochote zaidi ya ripoti za shule. Akaandika hadithi ya mama na binti yake: wanaamka, wanafua, wanagombana kwa sababu ya ndoo, wanapatana. Chini ya kila mstari alichora alama zake. Mkono wa kushoto ulifanya alama mbele ya macho yake, wa kulia ukachora. Kaka yangu alikula sahani ikiwa mapajani, akilalamika kwamba ameoa kiwanda. Tulitoa nakala dukani, nikazishona kwa uzi wangu, na wifi akampa mama Kishimo ya kwanza pale getini.

Jumatatu iliyofuata mama alifika mapema kuliko kawaida. Hakuita. Alisimama mbele ya binti yake, akainua mikono. Mama anafua. Mtoto analeta ndoo.

Kishimo alivikodolea macho viganja vya mama yake. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia geti asianguke. Mama akashusha mikono, uso umemwiva kwa aibu. Mimi nilishatoka jikoni na mwiko, tayari kumfokea mtoto. Lakini Kishimo alishafika kwa mama yake. Akashika mkono wake wa kulia, akaugeuza kiganja kitazame nje. Akashika wa kushoto, akaugeuza pia. Rudia, akamwambia kwa kichwa.

Wifi akajishika mdomo.

"Mungu wangu! Nimechora nikijitazama mwenyewe!"

Kitabu kizima alikuwa amechora mikono kama mwenye mikono anavyoiona, si kama anayeambiwa anavyoiona. Mwalimu wa miaka mingi! Viganja vyote vilikuwa vimegeuka. Alitaka ardhi immeze. Akamwomba mama akirudishe kitabu, amchoree kingine.

Mama akakikumbatia.

"Hapana, Mwalimu, niachie hikihiki. Jana alikaa na mimi mpaka taa ikazimwa, ananigeuza mkono ukurasa kwa ukurasa. Leo nimekosea tena, basi kesho atakaa tena. Maisha yake yote mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono, nimvute. Yeye hajawahi kunishika."

Wifi alilia hadharani, na mimi nililia, ingawa nilisingizia vitunguu.

Nakala nyingine alizichora upya, kwa kioo safari hii. Wazazi wakaazimana, wachapishaji wakasikia, na hivyo ndivyo mwandishi wenu alivyopatikana. Mama Kishimo alibaki na kitabu chake kilichogeuka mpaka kikalegea uzi, nikakishona tena.

Mwaka ulipoisha tulikwenda wote kumsindikiza Kishimo. Gari la shule ya bweni lilikuwa limeshajaa wanafunzi. Alipokaa, msichana wa kiti cha pili alimnyooshea mama kidole kupitia dirishani, akauliza kwa mikono. "Yule nani?"

Kishimo akaweka kiganja kimoja kikielekea kifua chake. Kwa mkono wa pili akakishika, akakigeuza taratibu kikatazama nje.

"Mwalimu, amesema nini?" mama akauliza. "Hiyo haimo kitabuni."

"Ni jina lako," wifi akasema.

Mama akainua mikono ajaribu jina lake, akaligeuza kinyume. Kishimo akaliona kosa. Akaruka miguu ya wenzake, akashuka garini, akaja kumshika mama yake mkono.

Dereva akapiga honi. Nikamkunjia pua.